Skolashipu za michezo Marekani: maskini wetu na matajiri wao

Mhariri,

Kila kijana wa huku akipata skolashipu ya kukimbia Marekani mnaandika habari ileile, mtoto wa maskini, alikuwa anakimbia pekupeku kwenda shule, leo anapanda ndege. Sina ubaya nayo, Henry Rono alitoka Nandi akaenda Chuo Kikuu cha Washington State na 1978 akavunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 akiwa bado mwanafunzi, nani atabisha? Ila msomaji anabaki akidhani kule michezo ni njia ya mtu asiye na kitu, na kwa vile vyuo vyao vyenye jina kubwa kabisa sivyo hata kidogo.

Chukua Harvard. Skolashipu ya michezo hawatoi, lakini kocha akikutaka anakuombea nafasi na hapo ni kama umeshaingia. Kwa kesi ya 2018, Harvard iliposhtakiwa kuhusu inavyochagua wanafunzi, ilitoka wazi kwamba wanamichezo wanaotakiwa na makocha walikuwa wanakubaliwa kama 86 kwa 100, wengine wote hata 10 hawafiki. Na msidhani ni mbio na basketi tu, kuna kupiga makasia, kuna mashua za tanga, skwashi, mchezo wa vitara... sasa mtoto wa mama anayeuza kwenye duka la mtaani huko kwao skwashi atajifunzia wapi, nani amlipie kocha wake binafsi na safari za mashindano kila wikendi? Mchumi Raj Chetty na wenzake walichunguza haya 2023 wakakuta watoto wa ile asilimia 1 ya familia tajiri kuliko zote wana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia vyuo hivyo kuliko wa familia za kati wenye maksi zilezile, na michezo ni moja ya sababu.

Halafu 2019 ikalipuka ile skendo ya Rick Singer, mshauri aliyekuwa anahonga makocha ili watoto wa matajiri waingie vyuoni. Wazazi wanatoa maelfu ya dola, mtoto ambaye hajawahi kushika kasia anapigwa picha kwenye mashine ya mazoezi, basi tayari ni mpiga makasia wa chuo 😅 Watu walishtuka wizi. Mimi nilishangaa ile nafasi yenyewe, maana mwenye boti lake halisi aliipata kihalali na hakuna aliyemuuliza kitu.

Wetu sasa: matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakaguliwe na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, mtihani wa Kiingereza, ada ya viza, yote kabla hajakanyaga uwanja. Akifika, tangu 2021 wenzake Wamarekani wanaruhusiwa kula pesa za matangazo kwa jina lao, yeye viza ya mwanafunzi inambana, hata kama ndiye anawashinda wote kila Jumamosi.

Kwa hiyo mkimhoji mwingine msiishie kwenye zile pekupeku. Muulizeni skolashipu ni ya mwaka mmoja au yote minne, inalipa chumba na chakula ama karo peke yake, na ajenti amekula ngapi.

Msomaji wenu,
Eldoret