Msiwaoshe hao funza

Mhariri, naandika nikijua kuna mtu atasoma hii akiwa na chai mkononi, anisamehe tu. Huku kwetu mwili ukiokotwa kwa miwa kule Muhoroni ama kando ya mto, familia inauliza alikufa lini, na sehemu kubwa ya jibu huwa iko palepale kwa mwili, ni wale funza, lakini watu wanaona kinyaa (mimi pia), mwili unafika mochari unapigwa maji ya mpira na ushahidi unaenda na mtaro.

Nzi wa kijani hufika kwa maiti mapema sana, kwa hivyo ukijua umri wa funza unajua mwili umelala hapo angalau muda gani. Uskoti walifanya hivyo 1935 kwa kesi ya daktari Buck Ruxton aliyeua mke wake na yaya, funza wakakadiriwa umri wa siku 12 hadi 14.

Sasa shida ni kwamba yai ama funza mchanga wa aina moja na wa aina ingine ni sura moja, hata mwenye darubini anakwama. Zamani ilibidi uwafuge mpaka watoke nzi, hapo unangoja wiki na wakikufia basi. Na aina ni muhimu jameni, kwa sababu kila moja ina spidi yake ya kukua, halafu kuna wale nzi wa nyama wenye mistari mgongoni, hao hata hawatagi, wanaweka funza hai moja kwa moja, ukidhani alianza kama yai ushaongeza masaa ambayo hayakuwepo, na kwa kesi ya mauaji masaa hayo ndio alibai ya mtu, yaani ushahidi wake kwamba alikuwa kwingine.

DNA inatatua hapo. Maabara inasoma kipande cha jeni ya COI, kama herufi 658 hivi, inalinganisha na nzi wanaojulikana, yai moja linaweza kutosha. Kuna ndugu wa karibu, kama hao nzi wa kijani Lucilia sericata na Lucilia cuprina, ambao wakati mwingine wanachanganya, kwa hivyo nzi wa huku pia wasomwe wawekwe kwa rekodi. Na DNA inakupa jina tu, haikupi umri, bado unataka joto la pale mahali, kwa sababu funza wa baridi ya Nakuru atakua polepole kuliko mwenzake wa Kisumu.

Watu wa wadudu tunao, icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya marehemu Profesa Thomas Odhiambo, ina kituo hapo Mbita. Kinachokosa ni polisi kubeba vichupa vya ethanoli, ile spiriti ya maabara. Sio fomalini ya mochari tafadhali, hiyo inaharibu DNA. Wachukue wakubwa na wadogo, kila sehemu ya mwili na kichupa chake, waandike saa na joto, halafu ndio mpira wa maji ufunguliwe.

Msomaji wenu,
Nyalenda, Kisumu