Maji kidogo kila jioni hayaokoi nyasi

Mhariri,

Ukame unapokaza, wengi hunyunyizia nyasi maji kidogo kila jioni. Madhara huanzia hapo: maji huishia juu, mizizi nayo hubaki juu, na jua kali la siku moja huikausha. Afadhali kumwagilia mara moja au mbili kwa wiki, alfajiri, jumla ya milimita 25. Kupima ni rahisi: panga makopo matupu kwenye nyasi, fungulia maji, kisha pima kina kwa rula. Yakianza kutiririka, funga bomba kwa nusu saa ardhi inywe, halafu endelea.

Kwa aina nyingi za nyasi, inyanyueni mashine ya kukatia hadi sentimita 7 au 8. Mbolea ya chumvichumvi isubiri mvua. Nyasi zikigeuka kahawia msizing'oe haraka; vuteni kishungi kimoja, na kikishikilia kwa nguvu huenda zimelala tu.

Maji yakiwa haba, tafadhali, miti michanga kwanza! Nyasi hupandwa upya, mti huchukua miaka. Tandazeni majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, kuzunguka shina bila kuligusa, maana gome huoza.

Mtunza bustani