Vitamini E haikingi tezi dume

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu la wiki iliyopita lilikuwa na tangazo la vidonge vya vitamini E na madini ya seleni, likiwaahidi wanaume kinga ya saratani ya tezi dume. Limeniumiza, na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Kaka yangu mkubwa alimeza vidonge vya aina hiyo kwa karibu miaka miwili. Usiku akiamka mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, asubuhi anameza kidonge na kutulia. Tulipomsihi aende hospitali alituonyesha chupa: si imeandikwa hapa? Alipokubali kupimwa, saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Sisemi vidonge ndivyo vilivyompa ugonjwa, hakuna daktari aliyetuambia hivyo. Nasema vilimchelewesha.

Na ahadi ile ilishapimwa zamani. Kuanzia mwaka 2001, wanaume 35,533 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine vitamini E, wengine seleni, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na kitu. Wanaume weusi walipokelewa kuanzia miaka 50, wengine 55, kwa kuwa sisi ugonjwa huu hutuwahi. Watafiti walikuwa na sababu ya kutumaini, maana huko Finland wavuta sigara waliopewa vitamini E walikuwa wamepata saratani ya tezi dume kwa uchache kuliko wenzao.

Oktoba 2008 washiriki waliambiwa waache kumeza, kwani faida haikuonekana. Lakini waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2011 matokeo yakawa mabaya zaidi: katika kila wanaume 1,000, waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume 76, na waliomeza vidonge vitupu 65. Ni ongezeko la asilimia 17. Seleni nayo haikukinga. Dozi ya vitamini E ilikuwa yuniti 400 kwa siku. Tafadhali, msomaji, igeuze chupa yako uangalie namba iliyoandikwa.

Hata Finland kwenyewe kulikuwa na onyo. Katika utafiti uleule wa wavuta sigara 29,133, waliopewa beta-karotini, ile rangi ya karoti iliyotiwa kwenye kidonge, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Hayo yalitangazwa mwaka 1994! Karoti ya sokoni haina kosa, kula.

Atakayenibishia kwa utafiti wa madaktari wanaume 14,641 wa Marekani, nao naujua. Waliomeza vitamini mchanganyiko kwa zaidi ya miaka kumi walipungukiwa na saratani zote kwa jumla kwa asilimia 8. Saratani ya tezi dume haikupungua.

Sipingi vitamini. Mwenye upungufu, akaandikiwa na daktari, ameze. Ninachopinga ni mzee mwenye dalili kuuziwa chupa badala ya kuambiwa nenda ukapimwe. Wengi wetu tunakimbia kile kipimo cha kidole kwa aibu, na wauzaji wanaijua aibu hiyo. Basi anza na damu, kipimo cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume, kisha ukae na daktari akueleze majibu, maana si kila PSA iliyopanda ni saratani.

Kwako Mhariri, nina ombi moja. Tangazo likija na maneno "hukinga saratani", mdai aliyelileta utafiti uliofanywa kwa binadamu kabla ya kupokea fedha yake. Asipokuwa nao, mrudishie.

Kaka sasa anachomwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Chupa yake ya mwisho imebaki nusu, ninayo kabatini. Jumatatu nitaileta ofisini kwenu muyasome wenyewe maandishi yake.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro