Kasoro ya sakafu ya lamineti huanzia chini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie sakafu ya lamineti, yaani ya vibao vyembamba vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, vinavyopachikana kwa ulimi na mfereji, ambayo lawama zake huangukia vibao vyenyewe hali kosa mara nyingi limefunikwa chini yake. Chumbani kwangu vibao vilianza kulia kila nilipopita karibu na mlango, na miezi michache baadaye viungo viwili vikaachana. Nilimlaumu muuzaji. Nilipovifumua nikakuta bonde kwenye zege, ambalo fundi alilifukia kwa tabaka mbili za sponji ile inayotandikwa chini ya vibao.

Sponji ya milimita 2 au 3 hupunguza kishindo na kumeza chembe ndogo tu. Ikirundikwa, sakafu huzidi kunesa. Kibao kilichopita juu ya uwazi huinama kila kinapokanyagwa, na ule ulimi mwembamba unaokishikanisha na mwenzake husagika hadi ukakatika.

Wengi, nikiwemo mimi wakati ule, hudhani kwamba pimamaji fupi inatosha kukagua sakafu kabla ya kutandika. Sakafu inaweza kuinama kidogo kuelekea upande mmoja na lamineti ikatulia vizuri, mradi uso wake umenyooka, bila vinundu wala mabonde. Kwa hiyo kinachohitajika ni ubao ulionyooka wa mita 2 au zaidi, uburutwe huku na huku, na kila panapoonekana mwanga chini yake pachorwe chaki. Watengenezaji wengi hawaruhusu tofauti inayozidi takriban milimita 5 katika mita 3, na baadhi yao ni wakali zaidi. Maelekezo ya kwenye boksi ndiyo ya kufuatwa.

Ni busara kuanza na vinundu, kwa kuwa vikishasagwa, baadhi ya yaliyodhaniwa kuwa mabonde hutoweka, ila msagaji avae barakoa inayozuia vumbi laini, maana vumbi la zege hudhuru mapafu. Mabonde yaliyobaki husafishwa, hupakwa praima (kimiminika cha kuziba vitundu na kushikiza), kisha humiminiwa saruji maalumu inayojisawazisha. Praima ikirukwa, zege kavu hufyonza maji ya mchanganyiko kabla haujatambaa, nao haushiki vizuri. Na anayezidisha maji ili utambae haraka hupata tabaka dhaifu linalomeguka. Palipo na sakafu ya mbao, zile zinazocheza zikazwe kwanza kwa skrubu, la sivyo saruji hiyo itapasuka.

Unyevu nao upimwe. Kipande cha nailoni kikibandikwa kingo zote juu ya zege kwa saa 24 au zaidi, kisha kikakutwa na matone chini yake, kazi isubiri. Kukosekana kwa matone, hata hivyo, si uthibitisho kamili wa ukavu.

Ningependa mafundi waandike usawazishaji katika makadirio yao kama kazi inayojitegemea, yenye bei yake, kwa sababu ukichanganywa na utandikaji, ndio wa kwanza kurukwa fedha zinapopungua.

Msomaji wako