Ile ganuni ya marehemu mzee

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleykum. Wazima huko Wete? Sie wazima, ila miguu inaniuma mpaka leo. Wajua mwenyewe Sauti za Busara, lile tamasha la muziki, inavyotufanya sie tunaokaa karibu na Ngome Kongwe. Najua nimenyamaza tangu Mfunguo Tatu. Utanilaumu baadaye, leo nina haja.

Naitaka ile ganuni, ala ya nyuzi ya taarab, ya marehemu baba yako.

Usishtuke, nisikilize. Mwaka huu sie wa barazani tulipika urojo, kachori na katlesi, tukauza siku zote za Busara njia ya Forodhani, tukasema faida iende kwa watoto wanaojifunza taarab. Maana tangu 2004 wageni wanajaa, teksi zinajipangia bei, halafu Jumatatu tunabaki tunafagia makopo. Sisemi haina faida. Ule mwaka wa 2016 ilipokosa pesa isifanyike, mtaa mzima ulinuna, na aliyenuna zaidi ni Mcha, yeye aliyekuwa akiisema kuliko wote!

Basi tukahesabu. Khaa! Ukitoa mafuta, mkaa na kachori alizokula huyo huyo Mcha, kilichobaki hakinunui hata udi mkuukuu wa kupiga. Ndipo ikanijia ganuni.

Mara ya mwisho niliiona siku ya arubaini ya mzee, juu ya kabati, imefungwa kanga ya mama yako. Nilichungulia, usinikasirikie. Nyuzi zimechakaa, nyengine zimekatika zikajikunja kama ndevu, na panya kaonja ngozi kwenye ukingo. Lakini mbao nzima. Pesa zetu zitatosha nyuzi, na ganuni unaijua, nyuzi 70 na kitu, kila sauti nyuzi tatu tatu. Mwalimu wa watoto anasema wanapokezana moja, mwengine anarudi kwao hajaigusa.

Bi Asha kaniuliza, "Ganuni nayo ni sadaka?" Nikamwambia amuulize Mcha, aliyekula sadaka nzima. Tukacheka, ila neno lake limenikaa.

Tena najua mzee hakupenda iguswe. Mie alinifukuza na kobazi nina miaka tisa. Lakini jioni ile ile aliniita, akanivalisha zile pete za kupigia, moja kila kidole cha shahada, zinanipwaya, akasema piga uzi mmoja tu. Nikapiga. Akaniambia, ngoja kwanza iishe sauti. Hili sijawahi kukwambia.

Sasa, mama atasemaje? Umwambie wewe au nije mwenyewe, nimpikie ndizi kwanza? Kaka yako wa Maskati hajaitaja? Na ule ufunguo wa kukazia nyuzi uko wapi, si ndio ule mliokuwa mnafungulia cherehani? Mkikubali, utaipakia meli ya lini nikaipokee bandarini? Tafadhali isikae chini ya magunia.

Ni mie wako,
Mwanakhamis