Wakala hana mkono katika viza ya Uholanzi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wazazi wenzangu wa Lamu. Kuna wakala anazunguka mitaani akiwaambia watu kuwa bila yeye mtoto hapati viza ya kusoma Uholanzi. Jirani yangu tayari anatafuta mnunuzi wa kiwanja chake cha kule Hindi, upande wa bara, ili apate pesa za kumlipa.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Langoni. Binti yangu anasomea usimamizi wa maji Uholanzi, kwa Kiingereza, kwa hivyo njia hii naijua. Maombi ya viza na kibali cha kukaa hayapelekwi na mzazi wala wakala. Chuo kilichompokea mwanafunzi ndicho kinachoyapeleka IND, idara ya uhamiaji ya huko. Sisi tulituma nakala ya pasipoti, karo na pesa za matumizi, zote moja kwa moja kwa chuo. Na hizo za matumizi haziliwi na mtu: binti yangu alipofungua akaunti ya benki kule alirudishiwa, akalipa kodi ya chumba na kununua baiskeli kuukuu. Wakala huyu anataka zipitie mkononi mwake, eti ni dhamana. Dhamana ya nini?

Linaloniuma zaidi ni ile ahadi kwamba mtoto atajilipia karo kwa vibarua. Sheria ya Uholanzi humruhusu mwanafunzi wa kutoka kwetu kufanya kazi saa 16 kwa wiki, au kutwa nzima mwezi Juni hadi Agosti tu, tena mwajiri awe amemwombea kibali cha kazi kwanza. Karo nayo si ile ya wenyeji. Mwaka wa masomo wa 2025/26, karo ya kisheria kwa wanafunzi wa Umoja wa Ulaya ni yuro 2,601. Wetu hutozwa mara kadhaa ya hizo. Na mwanafunzi asipopata walau nusu ya krediti za mwaka, yaani pointi za masomo aliyofaulu, bila sababu inayokubalika, chuo hulazimika kuiarifu IND, na kibali cha kukaa kinaweza kufutwa. Mtoto anayekesha akiosha vyombo mkahawani atasoma saa ngapi?

Sisemi watoto wasiende. Waende, Inshallah, na wajitafutie chumba mapema, maana vyumba kule ni shida kubwa. Waholanzi wameishi karne nyingi wakipambana na maji ya bahari, na sisi tunategemea maji matamu yaliyo chini ya vichuguu vya mchanga vya Shela. Elimu hiyo tunaihitaji hapa hapa.

Nawaomba walimu wakuu wa sekondari wawaite wazazi wawaeleze haya kabla mtu hajauza kitu. Na mzazi aliyekwisha kupata barua ya chuo asiipeleke kwa wakala. Aje karakana kwangu baada ya alasiri, nimwonyeshe barua pepe tulizoandikiana na chuo, moja moja.

Mzazi,
Langoni, Lamu