Grunge haijafa, mi naiuza kila siku hapa Sabasaba

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu vijana wa Dodoma kuvaa fulana za bendi wasizozijua nimeisoma nikiwa mezani kwangu hapa soko la Sabasaba, na kwenye fulana mwandishi wenu yuko sahihi kabisa, mi ndo nawauzia. Ile nyeusi yenye kiuso cha njano, macho ya X na ulimi nje, haimalizi siku mbili, na ukimuuliza mnunuzi Nirvana ni nani anakwambia ni kampuni ya nguo. Ila pale aliposema grunge, ile rock ya gita la kukwaruza iliyotoka Seattle, ilikuwa makelele tu yaliyokufa na Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, Aprili 1994 na hayakuacha kitu, hapo kachemka.

Tuanze grunge ilikotoka. Seattle ya miaka ya 80 ilikuwa pembeni huko, kona ya kaskazini magharibi ya Marekani, mvua na baridi, wenye hela za muziki wote wako Los Angeles na New York, yaani kama sisi huku na Dar tu. Basi jamaa wakawa wanapigiana wenyewe kwa wenyewe kwenye vijiklabu, bendi kama Green River, Soundgarden, Melvins, Mudhoney, na lebo ndogo ya Sub Pop ikawatolea baadhi yao rekodi kwa hela za kuungaunga. Albamu ya kwanza ya Nirvana, Bleach ya 1989, ilirekodiwa kwa dola 606 na senti zake, na aliyelipa ni jamaa mmoja wa gita ambaye humo ndani hakupiga hata mara moja ila wakamuweka kwenye picha ya kava, mi hilo hunichekesha kila nikikumbuka. Na yale mashati ya drafti waliyavaa kwa sababu ya baridi na kwa sababu kwenye mitumba ya kwao yalikuwa bei chee. Fasheni ilikuja 1992 pale mbunifu Marc Jacobs alipoyapandisha jukwaani New York, na kampuni aliyokuwa anaifanyia kazi ikamtimua.

Sasa makelele. Kuna mama anauza nyanya jirani yangu, siku moja kaniambia "mwanangu, hiyo spika yako imepasuka, kaiangalie." Nikamwambia hapana mama, wanalikwaruzisha gita makusudi. Akacheka, lakini huyo huyo ni Mgogo na ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, anaipenda kweli, na ilimba nayo ina ule mvumo wa kukwaruza uliowekwa makusudi, msikilize marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, utanielewa.

Kuhusu kuacha kitu, nakubali rock mbadala, yaani ile isiyofuata mkondo wa rock ya kawaida, ilikuwepo kabla, bendi ya R.E.M. ilikuwepo, Sonic Youth walikuwepo, na ule mtindo wa kuanza taratibu kama mtu anayenong'ona halafu kwenye kiitikio wanalipuka Cobain mwenyewe alikiri kawaiga bendi ya Pixies. Lakini sehemu kubwa ya muziki huo ilikuwa ya redio za vyuo, redio kubwa hazikuutaka sana, ukiacha wachache kama R.E.M. Albamu ya Nirvana, Nevermind, ikatoka Septemba 1991, Januari 1992 ikamng'oa Michael Jackson namba moja Marekani, Michael Jackson huyo huyo mnayemjua, na kuanzia hapo kampuni kubwa zikawa zinasaka kila kijana mwenye gita na nywele chafu. Pearl Jam, Alice in Chains, Soundgarden wakauza mamilioni. Uingereza ikatokea bendi ya Bush, Australia Silverchair ambao walikuwa bado watoto wa sekondari, na mpiga dramu wa Nirvana, Dave Grohl, akaanzisha Foo Fighters ambao wapo mpaka leo. Creed na Nickelback nao walitokea mlango huo huo, wakaiga ile sauti nzito ya kooni ya Eddie Vedder, mwimbaji wa Pearl Jam, mpaka ikatuchosha, hiyo lawama grunge naipa, siifichi.

Kwa hiyo Mhariri, mwandishi wenu apite Sabasaba siku yoyote baada ya saa nne asubuhi nikishafungua belo, aulizie meza yenye spika iliyopasuka. Nitamuwekea Nirvana, halafu Pixies, halafu Zawose, na shati la drafti nitampunguzia.

Ni mimi,
Muuza mitumba, Dodoma